Santuri za Mtu Aliye Hai

Olenguruone,
Jumapili, 4 Februari 2024

Dada yangu Celestine,

Nakusalimia kutoka huku kwenye ukungu. Ni karibu saa nne asubuhi na jua bado halijaonekana, na binti yangu Mitchelle amenifunika blanketi mbili kama mtoto wa surua. Nyonga inapona. Waliponitoa hospitali walinipa fimbo mbili. Sasa natumia moja, na ile nyingine binti yangu anafukuzia kuku. Wajukuu ni wazima, viazi vimekubali. Wewe je, presha imeshuka? Na kijana wako Travis, ule mkahawa wake na mwenzake unaendelea?

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi tena. Hiki kifaa cha sikio kikikaribia simu kinapiga mluzi, nawe ukiona sikusikii unapandisha sauti, mwishowe tunaagana bila kuongea chochote. Barua hii nampa Kibii, anayeleta viazi sokoni Nakuru. Ukijibu, mpe yeye.

Sasa sikiliza. Juzi Bethwel, jirani yangu wa huko mjini, alipita hapa akitafuta kondoo wa kununua. Aliponiona mlangoni alinishika mkono akakawia kuuachilia, akinitazama usoni kama mtu anayehakikisha jambo. Baada ya chai akaniambia aliingia mkahawa fulani mpya hapo Nakuru na kuta zake zimejaa santuri, zimepigiliwa misumari. Alisogea kuangalia moja. Kwenye ile karatasi ya katikati paliandikwa kwa kalamu: Dundori, 1983.

Unajua mimi huandika mahali nilipoipata kila santuri. Hakuna mtu mwingine ninayemjua anayefanya hivyo.

Nilimwambia Bethwel amekosea. Santuri zangu ziko chumba cha nyuma, kimefungwa, na ufunguo niliuacha kwako uwe unafungua dirisha hewa ipite. Niambie amekosea.

Ndugu yako,
Sitati


Nakuru,
27 Februari 2024

Kaka Sitati,

Barua yako imenifikia ikiwa na udongo wa viazi, nikajua kweli imetoka kwako. Nashukuru Mungu kwa hiyo nyonga. Usijifanye kijana ukaacha na hiyo fimbo iliyobaki.

Huku tuko. Presha inapanda na kushuka kama kawaida yake. Gata ya maji ya mvua ya nyumba yako iling'oka upande wa jikoni nikaita fundi. Yule paka wako amehamia kwa jirani yetu Wangu, ng'ambo ya barabara, na hataki kurudi. Huyo Wangu anaoza binti mwezi wa nne, tumeshaanza mikutano, na unajua mikutano ya hapa ilivyo, tunabishana rangi ya vitambaa mpaka giza linaingia. Travis anaendelea vizuri. Vijana wanapenda ule mkahawa, wanakuja kupiga picha.

Kuhusu santuri, usijipe mawazo. Bethwel miwani yake ni ya zamani. Mvua iliingia chumba cha nyuma mwezi wa kumi na mbili, ikabidi tuhamishe vitu. Vitu viko.

Na kaka, usikasirike nikisema hili. Daktari wa masikio alituambia tukiwa tumekaa pale wawili: sikio la kulia limekwisha, la kushoto limebaki kidogo. Hizo santuri ungezisikiliza na nini? Shukuru una miguu.

Salimia Mitchelle na watoto.

Wako,
Celestine


Olenguruone,
9 Machi 2024

Celestine,

Wote huku ni wazima. Salamu zimeisha.

Umeniandikia kuhusu gata, paka na vitambaa vya harusi ya watu. Kuhusu santuri umeandika mistari michache, na ndani yake sioni mahali uliposema ziko chumbani. Umesema "vitu viko". Viko wapi? Hata mchanga wa Ziwa Nakuru uko.

Unaniuliza nitazisikiliza na nini. Nitakueleza, kwa kuwa inaonekana miaka yote hii hukuwahi kujua nilikuwa nafanya nini mle ndani.

Nilipokuwa afisa wa mifugo nilitembea mashamba yote haya na sanduku la chanjo, Dundori, Molo, Kuresoi mpaka huku. Watu walinipa chai, nami nikimaliza ng'ombe nauliza kama kuna santuri nyumbani. Wengine walicheka. Lakini zilikuwepo. Dundori nilimkuta mama mmoja amefunika mtungi wa maziwa kwa santuri. Nilimwambia nitamletea kifuniko kizuri cha bati kama atanipa hicho chake. Alidhani nimerukwa na akili. Niliporudi na kifuniko alikuwa ameshaiosha, ameifunga kwa kitambaa cha meza, na akanisimulia jinsi yeye na marehemu mume wake walivyocheza wimbo ule wakiwa wachumba. Mama huyo alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na alinionyesha hatua zenyewe hapo hapo zizini.

Kuresoi nilipata kreti nzima kwenye stoo ya nyumba ya mzungu wa zamani. Panya walikuwa wamekula karatasi zote lakini santuri hawakuzigusa. Nilizirudisha Nakuru ndani ya sanduku la chanjo, katikati ya chupa na barafu, nikiendesha taratibu kuliko siku niliyombeba Mitchelle kutoka kwa wakunga.

Nyumbani naziosha kwa tone la sabuni na fulana kuukuu, nazisimamisha zikauke kama sahani. Halafu naweka moja. Kabla ya gitaa kuanza kuna ule mlio mdogo, kama mafuta yanayopata moto kwenye karai. Hapo ndipo raha yangu ilipo. Hujui bado kama itaimba au itaruka. Nyingine zina majina ya wenyewe: moja imeandikwa "Akoth, Landi", zile nyumba za reli, kwa mwandiko wa msichana wa shule. Huyo Akoth sasa ni bibi mahali fulani kama bado yupo, na mimi ndiye niliyemtunzia wimbo wake.

Sasa masikio. Sikio la kushoto linasikia gitaa la besi. Na nikiweka kiganja juu ya spika ya mbao, mengine yanaingia kwa mkono. Nyimbo hizo nimezisikiliza miaka arobaini, dada. Nikihisi mdundo, sauti inakuja yenyewe. Daktari hakuniuliza hilo, na wewe pia hukuniuliza. Mlikaa pale mkaongea juu ya kichwa changu kama watu wanaouza fahali mzee.

Nataka jibu la swali moja. Nani alifungua chumba changu?

Sitati


Nakuru,
21 Aprili 2024

Kaka,

Nimechelewa. Mwanzoni nilisema ni Kibii, gari lake lilikwama gereji. Halafu gari likapona nikasema ni harusi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Ni Travis. Aliniomba ufunguo nikampa. Alisema wanatengeneza mkahawa na wanataka kitu cha ukutani cha kizamani, na yeye hana kingine cha kuchangia kwenye ile biashara. Nilimwambia achukue chache. Sikwenda kuangalia alichukua ngapi. Umepata jibu lako.

Sasa nisikie na mimi. Nilimpa ufunguo kwa sababu Mitchelle aliniambia hutarudi. Hakukwambia? Alisema nyumba ya huko ina chumba chako, kwamba hapa mjini utaanguka peke yako bafuni tukukute siku ya tatu. Alisema nianze kutafuta mpangaji. Mimi niliulizwa maoni? Niliambiwa. Niliyehangaika na gata ni mimi, niliyekesha na wewe hospitali ni mimi, na sasa ninaandikiwa barua zisizo na salamu kwa ajili ya plastiki nyeusi.

Na kwa kuwa umeniambia mama wa watu wa Dundori alivyocheza zizini, acha nikukumbushe mama yetu. Alipokuja Nakuru kutibiwa alilala kwako karibu mwaka mzima, na alilala kwenye kochi. Mgonjwa, kwenye kochi, sebuleni, watu wakipita. Chumba kizuri cha nyuma, chenye dirisha na mlango wa mbao, kilikuwa cha santuri. Nilikuwa nikija Jumapili namkuta amejikunja pale, narudi kwangu nikilia. Sikukwambia kitu, kwa kuwa wewe ni mkubwa. Leo nimekwambia.

Uwe na amani.

Celestine


Olenguruone,
Jumapili, 2 Juni 2024

Dada yangu Celestine,

Nakusalimia, na safari hii salamu ni za kweli. Mvua imepungua. Watoto wamefunguliwa shule na nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Nianze na mama. Nilimpa chumba cha nyuma siku aliyofika. Nilihamisha santuri zote zikaja sebuleni. Alilala humo wiki moja kisha akakataa. Alisema ni kama kuwekwa stoo, anataka kulala mahali watu wanapita. Jioni nilikuwa namwekea wimbo, naye alikuwa akiniambia niweke tena upande ule ule. Wewe ulikuja Jumapili ukaona kochi. Ungeuliza ningekwambia. Mimi pia ningeweza kukwambia bila kuulizwa. Ni miaka mingapi tumekula pamoja Krismasi na jambo hilo limekaa katikati ya meza?

Kuhusu Mitchelle, nilimuuliza. Alianza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari safi. Nilimwambia ataendelea kuwa binti yangu na mimi nitaendelea kuwa na nyumba Nakuru. Alivirudisha vyombo kabatini kwa kishindo kizuri.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne iliyopita nilimwambia Mitchelle naenda Nakuru kliniki ya nyonga. Nilipanda na Kibii kwenye lori lake la viazi. Sikuja kwako. Najua utakasirika, kasirika. Nilitaka kwenda kwenye huo mkahawa nikiwa sijalainishwa na chai yako.

Nilifika mchana. Pana viti vya chuma na muziki wa simu unaopiga meza mpaka kijiko kinatembea. Kuta zote mbili, Celestine, santuri zangu. Misumari imepita kwenye tundu la katikati, kwa hivyo nyingi ni nzima, ila zimejaa mafuta ya chips. Zilizo karibu na dirisha zimejikunja kwa jua. Na mezani, tomato sauce ilikuwa kwenye bakuli jeusi lenye mawimbi. Niliinua lile bakuli nikaona mistari. Wamezipasha moto ovenini wakazifinyanga. Chini ya lile nililoshika paliandikwa, kwa mkono wangu: Molo, 1979.

Nilikaa. Msichana wa hapo, anaitwa Wangechi, alikuja na daftari la oda. Nikaagiza chai. Juu ya kaunta niliona kibao cha mbao kimechongwa vizuri na kuwekewa taa ndogo. Nilisimama nikakisoma. Kimeandikwa: "Kwa kumbukumbu ya Mzee Sitati, mpenzi wa muziki, 1951 – 2023."

Nilirudi kukaa. Wangechi alileta chai.

"Huyu mzee ni nani?" nikamuuliza.

"Huyo ni uncle wa mmoja wa mabosi wetu. Hizi vinyl zote zilikuwa zake. Akakufa akawaachia."

"Alikufa na nini?"

"Presha, nadhani. Wanasema alikufa akisikiliza muziki. Wageni hupenda hiyo story sana."

"Alizikwa wapi?"

"Hiyo sijui, mzee. Pengine huko kwao Bungoma."

"Mtu mzuri?"

"Sana. Ati hata santuri ya mwisho ilikuwa bado inazunguka."

Nilitoa kitambulisho changu nikakiweka kando ya kikombe. Alikisoma, akanitazama, akakisoma tena. Yule msichana hakucheka, nilimpenda kwa hilo. Alisema tu, "Pole, babu," akaenda kuzima muziki, kisha akamwita mwenye mkahawa.

Huyo anaitwa Gachanja, ndiye mwenzake Travis. Alikuja akinyoosha mkono. "Mzee, karibu sana. Travis hakutuambia... Yaani sisi hapa tulikuwa tunakuenzi."

"Mnanienzi kwa kuniweka sosi?"

"Mzee, hiyo ni decor. Ni kuheshimu ya zamani."

"Kibao chako kinasema nilikufa mwaka jana. Mwaka jana nilikuwa hospitali na mpwa wangu alikuja kuniona mara moja. Alikuja kuniona, au kuangalia kama tayari?"

Watu kwenye meza nyingine walikuwa wameacha kula. Gachanja alianza kuniambia santuri zililetwa kwa nia safi, ni mchango wa Travis kwenye biashara, na tuongee kama wazee. Nilimwambia sina maneno marefu. Anishushie kile kibao. Alikishusha mwenyewe kwa bisibisi. Santuri nilimwambia sitazibeba, nina fimbo. Aliyezileta ndiye atakayezirudisha. Aziondoe kwa mikono yake, msumari mmoja mmoja, watu wakila.

Kibao nimerudi nacho. Nimekitundika ukutani hapa chumbani kwangu. Mitchelle anataka kukichoma, watoto wanakiogopa. Mimi kila asubuhi nakisoma halafu naamka.

Nimekuandikia yote kwa sababu Travis ni mtoto wako, na sijui kama ulijua habari ya kibao. Kama ulijua, usinijibu.

Sitati


Nakuru,
Jumapili, 23 Juni 2024

Kaka yangu Sitati,

Sikujua.

Sijui hata nianzie salamu wapi. Niko salama. Presha sijaipima wiki hii, sitaki kujua. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama langoni na Kibii akiwa bado anashusha gunia, na niliposoma habari ya kibao niliketi juu ya hilo gunia la viazi vyako kama juu ya kigoda. Kibii aliniuliza kama kuna msiba. Nilimwambia ulikuwepo, umeahirishwa.

Travis alikuja jioni kula. Nilimpa barua aisome yote kwa sauti, na alipofika mahali pa kitambulisho akaiweka mezani. Nikamwambia endelea.

Alipomaliza akasema, "Mum, ilikuwa story tu. Watu wanataka story."

"Mjomba wako alikubeba mgongoni mpaka kliniki ulipovunjika mkono. Hiyo si story ya kutosha?"

"Sikufikiri angerudi Nakuru."

"Kwa hivyo ukamzika."

Sikumpa chakula, kaka. Miaka thelathini na moja nimemlisha, siku hiyo nilifunika sufuria nikamwambia aende akale kwa mwenzake, kwenye mabakuli.

Jumatano niliingia ule mkahawa mchana watu wakiwa wamejaa, nikakaa katikati na mkoba wangu magotini. Travis alipanda ngazi akatoa msumari mmoja mmoja kama ulivyosema. Wateja walikuwa wakiuliza kuna nini. Yule Wangechi akawajibu, "Mwenyewe amefufuka." Gachanja alisimama mlangoni. Niliwaambia waniletee na mabakuli yote. Najua hayaimbi. Lakini si mahali pake pale.

Nilikuwa nimejiandaa kukukasirikia kwa kupita mjini bila kuingia kwangu. Bado nimekasirika, hasira nimeiweka kando tu kwa sasa. Na habari ya mama sijaimaliza. Nimejaribu kukumbuka kama yeye mwenyewe aliwahi kuniambia analala pale kwa kupenda. Naona siku moja aliniambia, nami nikadhani anakutetea.

Yule mpangaji niliyempata nilimwambia nyumba haipo tena.

Santuri ziko chumba cha nyuma. Nimeandika wazi: ziko chumbani, zote zilizobaki, nimezihesabu mwenyewe na nimefunga mlango. Nilizifuta mafuta kwa tone la sabuni na fulana ya marehemu mume wangu Jerry, kwa kuwa fulana zake ndizo laini nilizonazo. Travis alikuwa akisuuza. Tulifanya siku tatu. Alipofika kwenye ile ya Akoth wa Landi alisoma jina, akaniuliza ni nani. Nikamwambia akuulize wewe.

Leo baada ya kanisa nimeingia peke yangu. Miaka yote hii sikuwahi kuigusa hiyo mashine yako. Nilichomeka stima, nikachukua santuri iliyokuwa karibu bila kuichagua, nikashusha sindano kama nilivyokuwa nikikuona ukifanya kutoka mlangoni. Nikasikia ule mlio wa mafuta. Halafu wakaanza. Niliweka kiganja juu ya spika nione kama ulisema kweli, na ni kweli, inaingia kwa mkono.

Wimbo uliisha zamani, nami sijui namna ya kuiinua hiyo sindano bila kukwaruza. Naandika hapa mezani kwako na santuri bado inazunguka, inasema tak, tak, tak. Nikimaliza barua nitazima stima ukutani. Lakini mkono wangu sitauweka kwenye hiyo sindano. Imekaa juu ya santuri yako, na najua hilo litakukosesha usingizi.

Kibii anarudi huku Jumanne. Njoo uiinue mwenyewe.

Dada yako,
Celestine